Penseli Aliyoibakiza Ngwali

Katika mji ule nyumba hazikuwa na madirisha, na usianze kuwahurumia wenyewe, maana waliyaziba kwa mikono yao na siku ya kuyaziba walipika pilau. Dirisha, walisema, ni tundu ukutani, na ukuta ndio njia. Anayetoboa njia ana wazimu. Nuru yao haikutoka juani. Ilitoka kwenye ndimu. Kila ukoo ulikuwa na karai la ndimu chumbani kwa wazee, kila ndimu imechomwa msumari upande huu na kipande cha shaba upande ule, zimeshikanishwa kwa nyaya kama watoto wa chekechea walioambiwa washikane mikono, na kutoka ukingoni mwa karai hilo ulianza mstari wa penseli. Mstari ulipanda ukuta, ukatoka mlangoni, ukafuata kuta za majirani, ukavuka vichochoro kwa kupita chini ya matao, mpaka kwenye taa ya mtoto aliyehama nyumbani. Hicho kitu kilichopita humo, safari ya kurudi kilipita ardhini, na ardhi haijawahi kulalamika.

Kitu gani hasa kilipita? Hapo ndipo wazee wa mji walipogombana mpaka wakasahau walichokuwa wakigombania. Hakikuwa na rangi wala harufu. Ukiweka sikio ukutani husikii kitu. Ukiweka ulimi unaonja uchachu, lakini huo ni uchachu wa ndimu au wa ulimi wako mwenyewe? Walichojua ni kwamba ule moyo mweusi wa penseli, ambao waliuita risasi ingawa hakuna hata chembe ya risasi ndani yake, ulikiruhusu kitu hicho kupita. Kwamba mstari mrefu ulikichosha na mstari mnene ulikipumzisha. Na kwamba kidole kikavu hakipitishi, ila kidole chenye jasho hupitisha kidogo, ndiyo maana wachoraji harusini hulamba kidole kabla ya kuujaribu mwisho wa mstari. Kuna mtu, wanasema, alichora mstari mnene kupita kiasi, na kuku wake aliyependa kuegemea ukuta akataga mayai yaliyokwisha kuchemka. Mayai yaliliwa, ndiyo maana ushahidi haupo.

Na kila mtoto wa mji, siku anayozaliwa, huwekewa ubavuni penseli yenye urefu wake. Hiyo ndiyo penseli yake, hapati nyingine. Mtoto hukua, penseli haikui. Huchongwa, hupungua, na ikiisha, mwenyewe naye haendi mbali. Kwa hiyo mzazi anapomchorea mwanawe mstari siku ya harusi, bila kuinua mkono tangu karai hadi taa, anampa kitu ambacho hakuna fundi wa kukirudisha. Wala si mara moja. Mabega ya wapita njia hufuta, mbuzi hulamba, mvua ya upepo hupangusa. Kila baada ya masika baba au mama hutoka tena na penseli kuupitia mstari upya. Ndivyo walivyosema: kuupitia. Ukimkuta mtu kabandika pua ukutani anatembea kiubavu kama kaa, humsalimu na hakusalimu. Anapitia.

Mzee Ngwali alikuwa na mke mmoja, Bi Mize, binti mmoja, Sikudhani, na mstari mmoja. Asubuhi inayotuhusu alikuwa amesimama nje, mikono nyuma, akiutazama huo mstari. Ulistahili kutazamwa. Mwaka ule, badala ya kuupitia kwa penseli, alikuwa ameufuta wote kwa raba, tangu karai lake hadi mlangoni kwa binti yake, akaufuta mpaka ukuta ukasahau kwamba uliwahi kuguswa, kisha akauchora upya kwa wino. Wino ulitoka Jumbani. Jumba, lile lenye ukuta mrefu kuliko kuta zote, lilikuwa likigawa wino bure kwa kila aliyeutaka, katika chupa nzuri zenye vizibo vya kioo, na karani wake alipita mtaa kwa mtaa akisema wino haufutwi na bega wala ulimi wa mbuzi, wino ni wa milele. Mstari wa Ngwali ukawa mweusi, umenyooka, unang'aa kama wanja wa bibi harusi. Tangu hapo alingoja Sikudhani aje kumshukuru. Masika yakaja, yakaenda. Sikudhani hakuja. Ngwali akanuna, na kwa kuwa alijaliwa kipaji cha kununa, hakutuma hata salamu.

Bi Kazija, muuza mbaazi wa pembeni, akapita na sufuria yake kichwani.

"Shikamoo, Mzee Ngwali. Bado unajitazama ukutani?"

"Marahaba. Natazama kazi ya mikono yangu. Wako wewe mbuzi wameshaufanya kifungua kinywa?"

"Wangu wa kijivu, baba yangu, hauna sura. Lakini mwanangu anaona anachokula." Akashusha sufuria, akajifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Wako je?"

"Wangu ana mstari wa wino."

"Hilo mji mzima unalijua. Mimi nauliza, anaona?"

Ngwali akacheka kile kicheko cha kumwonea mtu huruma. Bi Kazija hakucheka.

"Nilimpelekea mbaazi jana. Kanifungulia mlango kwa kupapasa. Giza ndani, giza la kufinyangwa, ungeweza kulikata tonge. Nikamuuliza, mwanangu, taa ina nini? Akaniambia, taa haina kitu, Baba ndiye aliyenikata."

"Nani kamkata?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Basi mimi. Sikiliza, mzee, sikuja kugombana, mbaazi zinapoa. Karani wa Jumba anakwenda kumvutia taa ya Jumbani leo hii, jua likisimama utosini. Na sharti lao unalijua."

Alilijua. Nani asiyelijua? Anayepokea nuru ya Jumba huacha jina la baba yake mlangoni, kama kiatu, ila kiatu hicho harudi kukivaa. Huitwa Binti Jumba, au Bin Jumba, na akikutana njiani na mzazi wake humpita kama tunavyopita nguzo. Hamchukii. Afadhali angemchukia. Hamwoni.

Ngwali aliingia ndani akijikwaa kwenye kizingiti alichokivuka maisha yake yote. Bi Mize alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya karai, akizipangusa ndimu moja moja kwa kitambaa.

"Mama Sikudhani, ndimu zinafanya kazi, zinatoa povu?"

"Zimetulia tuli tangu uje na chupa yako."

"Na hukuniambia?"

"Nilikwambia ndimu hazitoi povu. Ukasema ndimu za siku hizi hazina adabu."

"Nilisema hivyo?"

"Ukataka hata kuzichapa." Akaendelea kupangusa. "Nilipoona umefurahi sana na wino wako, nikanyamaza. Kunyamaza huko ni kosa langu, nitalibeba mwenyewe. Lako wewe liko kwenye kopo."

Hakutazama kopo alipolitaja, wala hakuhitaji. Lilikuwa kopo la majani ya chai, juu ya kabati, na ndani yake kilikuwamo kipande cha penseli cha Ngwali, kile kilichobaki, kifupi kuliko kiganja chake. Mbele za watu alisema amechukua wino kwa ajili ya milele. Akasema mengi kuhusu milele, maana milele ni mada ambayo hakuna wa kukupinga. Lakini kabla ya hapo, asubuhi moja ambayo hakumsimulia mtu, alikuwa ameitoa penseli ili aende kupitia, akaona imekuwa fupi kuliko alivyokumbuka, na kitu baridi kikamtambaa mgongoni kama mjusi aliyetoka kuoga. Akafanya hesabu ambayo kila mtu huifanya akiwa peke yake. Akaona kwamba mwendo wa kwenda kwa Sikudhani ungekula kipande chote. Na siku hiyohiyo karani akapita na wino wa bure. Ndivyo Jumba lilivyo: halikuvunjii mlango, hupita tu siku ile unayoogopa.

Alibakiza. Na alipokwisha kubakiza, alikifanyia nini alichokibakiza? Kila asubuhi alilishusha kopo, akalitikisa karibu na sikio, akasikia kile kipande kikigonga bati, akalirudisha juu ya kabati. Hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Mtu mzima mwenye mvi, aliyewahi kucheka, aliyewahi kumbeba mtoto shingoni, anatikisa kopo ili ajue kama bado yupo.

Sasa akalifungua. Kipande kikatoka, kimelowa harufu ya chai.

"Nakwenda," akasema.

"Nenda," akasema Bi Mize. "Na usiinue mkono."

*

Weusi si kitu kimoja. Hili Ngwali aliligundua akiwa bado hajatoka chumbani, alipouweka mstari wake wa kwanza chini ya ule wa wino, maana risasi haishiki juu ya wino mkavu, huteleza kama mguu kwenye ngozi ya ndizi. Mistari miwili ikawa imelala, mmoja juu ya mwenzake. Wa juu mweusi kama jina la mfalme. Wa chini wa kijivu, una vumbi, una mikunjo kila palipo na chembe ya mchanga. Na aliyekuwa hai ni wa chini. Wino hutoka chupani. Chupa haiumwi, humiminwa tu. Risasi hutoka yenyewe kwenye yenyewe. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba penseli haichori, hubanduka: gamba jembamba baada ya gamba jembamba linateleza kutoka moyoni mwake na kulala ukutani, likimshika mwenzake bega, na yule mwenzake, na yule mwenzake, na katika kushikana huko ndimo kile kitu kisicho na jina hupita. Kwa hiyo mstari ni kitu gani kama si penseli iliyokubali kuacha kuwa penseli? Na baba je?

Akatoka mlangoni pua ikiwa ukutani,

na mkono haukuinuka, ukapita kwa Bi Kazija ambaye safari hii hakusema kitu ila alivuta kigoda chake kumpisha, ukapita kwenye plasta ya kinyozi yenye matundu ambamo kila tundu lilikula risasi kama mdomo wa kinda, na kinyozi akatoka na wembe mkononi akasema mzee una mstari wa wino unaomeremeta, wa nini tena huo wa kijivu, umekuwa kama kamasi la konokono, na Ngwali hakujibu kwa sababu anayepitia hajibu, ukapita chini ya tao la kwanza ambapo kulikuwa na unyevu na risasi ikasitasita, akabonyeza zaidi, ikashika, na kadiri alivyobonyeza ndivyo alivyosikia kitu kikimtoka miguuni, si damu wala jasho, ni urefu, urefu wake mwenyewe ulikuwa ukimtoka kwa nyuzi nyembamba kupitia ncha ya penseli, maana pale mlangoni mstari wa kijivu ulikuwa kidole kimoja chini ya ule wa wino, na hapa kisimani ulikuwa dhiraa nzima chini yake, naye hakuwa ameinama, akaelewa kwamba anafupika, akacheka peke yake, akasema basi nikifika Sikudhani atanipokea kama mgeni wa chekechea, akaendelea,

na kuta zikaanza kuwa mpya.

Hili nalo ni la kusemwa taratibu. Alipoondoka kwake plasta ilikuwa ya leo, yenye nyufa za leo. Kufika kisimani ikawa ya mwaka jana. Nyuma ya kisima chokaa ilikuwa mbichi, ya siku ya harusi, na watu wakipita nyuma ya mgongo wake walinukia marashi, na mtoto wa kike, si bibi harusi bali mtoto, alikuwa akikimbia mbele akisema, "Baba, hapa pana mchanga! Baba, hapa pana tundu!" kama Sikudhani alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na Ngwali akiupitia mstari wa wazee wake. Penseli ya Ngwali ilikaa sikioni kwake siku zile. Sikudhani ndiye aliyekuwa akiitoa sikioni kwa baba yake na kuirudisha, akisimama kwa ncha za vidole. Ngwali hakugeuka kumtazama. Angegeuka, mkono ungeinuka. Akamsikiliza tu, mpaka sauti ikaingia kwenye kona na haikutoka upande wa pili.

Kwenye kona hiyo alikutana na mtu. Mtu huyo alikuja akitokea mbele, mrefu, kifua mbele, raba mkono huu na chupa ya wino mkono ule.

"Shikamoo, mzee," akasema mtu yule.

"Marahaba," akajibu Ngwali, na ile marahaba ikamkwaruza koo, kwa sababu hakuna anayependa kuamkiwa na nafsi yake mwenyewe. Alikuwa ni yeye. Yeye wa mwaka uliopita, bado hajafuta, akiutazama mstari wa penseli wa zamani ukutani kama mtu anavyotazama shati la kustaafishwa.

"Hadi leo unapitia kwa penseli, mzee wangu?"

"Usifute," akasema Ngwali.

"Nisipofuta wino hautakaa. Lazima pasafike kwanza."

"Ukifuta, taa itazimika."

"Nani kakwambia? Tazama weusi huu." Akaitikisa chupa mbele ya pua yake. "Penseli hata nyeusi si nyeusi. Ni kijivu kilichojitahidi."

"Haupitishi. Umekauka, umependeza, haupitishi."

"Wewe una wivu na wino wangu," akasema yule mrefu, bila hasira, karibu kwa huruma, kile kicheko kilekile. "Tena una haraka ya kufa. Hebu kitazame kipande chako."

Ngwali akakitazama. Kilikuwa kimebaki kama jino.

"Changu nimekiweka kwenye kopo," akasema mwenziwe. "Kitanisaidia siku ya haja."

"Siku gani?"

"Siku ya haja."

"Ndiyo leo!" Ngwali akapiga kelele. "Ndiyo leo, mpumbavu wee, ndiyo hii!"

Lakini yule alikwisha kugeukia ukuta na kuanza kuufuta ule mstari wa zamani, na makombo ya raba yakawa yanadondoka miguuni pao. Mkono wake ulikuwa karibu kabisa, Ngwali angeweza kuudaka. Ila mkono wa kudakia ulikuwa mmoja tu wenye nguvu, na huo ulikuwa ukutani. Kuudaka wa mwenziwe kulitaka kuinua wake. Angeweza kumzuia aliyekuwa anaharibu, au aendelee kutengeneza. Vyote viwili havikuwezekana kwa mkono mmoja. Akampita chini ya kwapa, maana sasa alitosha kupita chini ya kwapa, na nyuma yake akasikia raba ikifanya kazi, kwa bidii, kwa mapenzi kabisa, kama mtu anayemsugua mtoto mgongo.

Je, mtu akijuta, anajuta kwa ajili ya nani? Yule wa nyuma haumwi. Yule wa mbele hajui. Majuto hukaa katikati, kwenye kona, hayana pa kwenda, yanabeba penseli.

*

Mlango wa Sikudhani ulikuwa wa mwisho katika mtaa wa mwisho. Mume wake aliondoka zamani kwenda kutafuta mji wenye madirisha, akasema akiupata atarudi kumchukua. Ama hajaupata, ama ameupata akakaa dirishani. Karani wa Jumba alikwisha kufika. Alikuwa amesimama kivulini, mtu nadhifu, kola imepigwa pasi, ameegemea ule waya mnene wa Jumba uliofunikwa mpira ili asiyeandikwa asinufaike nao hata kwa bahati mbaya.

"Hodi tena, bibi," alikuwa akisema. "Jua limesimama. Nahitaji neno lako tu, nao mchakato umekwisha."

"Subiri nivae," sauti ya Sikudhani ikatoka ndani.

"Gizani utavaa nini, bibi? Vaa chochote."

Ngwali akaja kiubavu, pua ukutani, mfupi kama mtoto wa darasa la kwanza, na karani akamtazama bila kumtambua. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na tundu dogo, na kupitia tundu hilo ulitokeza mkia wa shaba wa taa ya Sikudhani, ukingoja. Ngwali akauona. Akabonyeza. Mstari ukasogea, ukasogea, kisha vidole vyake vikagusa ukuta. Akavitazama. Vilikuwa vyeusi, vitupu. Penseli ilikwisha.

Kati ya mwisho wa mstari na mkia wa taa palibaki shibiri moja. Wino, juu kabisa kule, ulikuwa umefika mpaka mlangoni bila upungufu wowote.

Akalamba kidole gumba. Akalamba kidole cha mwisho. Akatanua kiganja mpaka mifupa ikalalamika, gumba juu ya mstari, kidole cha mwisho juu ya shaba.

Ndani pakaingia mwanga wa rangi ya chai nyepesi.

Kisha kitu kikaanguka, labda kiatu. Mlango ukafunguliwa.

Sikudhani alikuwa amekonda, mikono yake myeusi hadi viwikoni, na kwa muda mrefu alitazama juu, pale uso wa baba yake ulipokuwa ukikaa siku zote. Hakumwona mtu. Akateremsha macho.

"Baba?"

Ngwali akafungua kinywa. Taa ikapepesa.

"Nyamaza, unaitetemesha. Baba, mbona umekuwa mfupi hivyo?"

Alikuwa na jibu, tena la kuchekesha, alilitunga kisimani. Akalimeza.

"Bibi," karani akasema, "niandike nini?"

Sikudhani hakumgeukia. "Andika huyu ana baba."

"Mkono utachoka, bibi," akasema karani kwa ule upole wa mtu anayelipwa kwa kungoja. Akakusanya waya wake taratibu, akauzungusha begani. "Mimi niko hapo kona."

Alipoondoka, Ngwali akatazama ndani kwa mara ya kwanza. Akatamani asingetazama. Kuta za chumba, zote, tangu sakafu hadi dari, zilikuwa zimejaa mistari ya penseli. Si ya mtu anayecheza. Ilikuwa inaanza kwenye taa, kila mmoja, ikitambaa, ikizunguka makabati, ikirudi, ikipitiwa juu mara tatu na mara kumi mpaka ukuta ukang'aa kama mgongo wa samaki. Giza lote lile Sikudhani alikuwa akiutafuta mkatiko upande wake. Kwa watu alisema Baba amenikata. Kwa kuta alisema labda ni mimi, labda hapa, labda nilipoweka kabati, labda nilipoegemea siku ile nalia. Akapapasa, akapitia, akapapasa. Penseli yake, ya mwanamke ambaye bado ana meno yote, ilikuwa karibu yote imekwisha ukutani. Maganda ya kuchongea yalijaa sakafuni kama makapi ya mpunga.

"Tangu izime," akasema, akiona anakotazama, "nimekula mawe mengi kuliko mchele." Akajaribu kucheka. Kisha akajipekua kwenye fundo la kanga, akatoa kitu kidogo kama punje. "Kimebaki hiki. Shibiri kitatosha. Sogeza kidole nichore."

Akapiga magoti.

Ngwali akaondoa mkono.

Giza likarudi mahali pake, kama mwenye nyumba.

"Baba! Sioni ninapochora!"

"Ndiyo. Usichore."

"Rudisha mkono."

"Usichore, Sikudhani. Hicho ni chako cha mwisho."

Akasikia akipumua, karibu, chini kidogo ya uso wake. Sasa, yeye akiwa amepiga magoti, walikuwa karibu kimo kimoja.

"Kwa nini ulinikata?"

"Sikukukata. Niliupamba."

"Kwa wino?"

"Kwa wino."

"Na penseli yako ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ilikuwa wapi?"

"Niliibakiza."

"Ya nini?"

Alitafuta. Akatafuta kwenye kopo, kwenye kona, kwenye kila asubuhi aliyolitikisa lile bati karibu na sikio. Palikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa fupi, lakini aibu ya kulisema ilikuwa ndefu kuliko kimo alichobaki nacho. Badala yake akalamba vidole, akatanua kiganja, akakirudisha ukutani.

Chai nyepesi ikamwagika tena chumbani. Sikudhani alikuwa bado amepiga magoti mbele yake, punje ile nyeusi katikati ya vidole viwili. Akaichomeka taratibu nyuma ya sikio la baba yake, kama alivyokuwa akifanya zamani, ila leo hakuhitaji kusimama kwa ncha za vidole.

"Haya," akasema. "Bakiza na hiki."

Hakungoja ajibu, alijua hawezi. Akaingia ndani, akachukua ungo, akakaa chini ya taa akampa mgongo, akaanza kuchagua mchele. Mawe akayaweka huku, mchele huku. Ngwali alisimama mlangoni, paji la uso juu ya kifundo cha mkono wake mwenyewe, akijikaza asitikisike. Mbali kule, mwanzoni mwa mstari, bila shaka Bi Mize alikuwa ameona povu la kwanza kwenye ndimu, akadhani wamekwisha kuelewana.

Kitu kikamtoka Ngwali machoni. Kikateremka kwenye pua, kikafuata kifundo cha mkono, kikaingia katikati ya vidole, kikafika ukutani na chumvi yake yote.

Taa ikaongeza nuru, kidogo tu. Sikudhani akasita, jiwe mkononi. Akalitazama jiwe hilo chini ya mwanga mpya, kwa muda, bila kugeuka, kisha akaliweka upande wa mawe.